Kinywa Kinachosikilizwa

"Shikamoo, mama mkwe. Leo umeniletea sabuni?"

Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuja hospitali ya wagonjwa wa akili kumwona mwanawe, aliitikia marahaba huku akipita. Alipofika karibu na mlango wa wodi, miguu ikamgomea.

Aliyemwamkia alikuwa Bubu. Mgonjwa huyo alishinda kwenye benchi la korido, na tangu mama aanze kuja hapo hakuwahi kumsikia akitoa hata neno moja. Ndiyo maana wakamwita hivyo. Na aliyekuwa akimwita mama mkwe alikuwa mtu mwingine kabisa, Fundi Saa, mgonjwa mcheshi aliyeapa kwamba siku atakayopona atamwoa binti yake. Mama alipomwambia hana binti, alijibu, "Basi nitasubiri umzae." Fundi Saa alikuwa ameshazikwa.

Mama aligeuka polepole. Bubu alikuwa ameachama, mate yakimtiririka kidevuni, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye mwili wake umeingiliwa bila hodi. Kinywani mwake mlitoka harufu ya kitambaa kibichi kilichoachwa kwenye ndoo mpaka kikavunda.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na tayari alikuwa na mzigo usiobebeka? Mwanawe, Kitinda, ndiye aliyesemekana kumuua Fundi Saa.

Kitinda alikuwa kitindamimba wake, na ndiye pekee aliyebaki hai. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma mpaka alipoanza kusikia watu wakizungumza ndani ya mabomba aliyoyachomelea. Mama alimleta hospitali mwenyewe, kwa mkono wake, na humo ndani kijana akapata rafiki. Yeye na Fundi Saa walilala chumba kimoja, wakagawana kila kitu mpaka mswaki. Kisha alfajiri moja mlango ukafunguliwa, Fundi Saa akakutwa kitandani amekufa, na Kitinda amepiga magoti pembeni, kiganja chake kikiwa juu ya mdomo wa marehemu.

Walipomuuliza alisema, "Pumzi ilikuwa inamtoka. Nikamzibia isiishe."

Mtu mwenye akili timamu akisema hivyo, huitwa majonzi. Akisema mgonjwa wa akili, huitwa kukiri kosa. Kitinda akafungiwa chumba cha peke yake mwisho wa korido, na daktari akatakiwa kuandika maoni kabla wiki haijaisha, ili polisi wamhamishie gereza la wendawazimu wahalifu. Watu walisema huko mtu huingia kwa miguu yake na kutoka amefunikwa blanketi.

Aliyemshika mama mkono siku zile alikuwa msimamizi wa zamu, mwanamume wa makamo ambaye wodi nzima ilimwita Mpole kwa sababu hakuwahi kumkemea mgonjwa. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu.

"Jipe moyo, mama," alimwambia, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. "Kitinda namlisha mwenyewe. Hakuna atakayemgusa nikiwepo."

Mama alimwombea dua.

Kesho yake alirudi na wifi yake, mwanamke mwenye maneno mengi aliyedai hamwogopi yeyote isipokuwa mwenye nyumba. Waliwakuta wagonjwa wakila chakula cha mchana kwenye meza ndefu. Vijiko viligonga sahani za bati, mtu akacheka, mwingine akalalamikia chumvi. Mara vijiko vyote vikatulia.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee aliyezoea kuwapigia saluti wageni. Mkono ukamganda hewani.

"Nyumba yangu imevunjwa nikiwa ndani," alisema, na sauti haikuwa yake.

"Mlango ukazibwa kwa taulo mbichi," alimalizia kijana aliyekaa kando yake, akitazama sahani.

"Nikasukuma," alisema wa tatu.

"Nikasukuma sana."

Na ile sauti moja, yenye kuhema kama mtu anayepandishwa mlima kwa mjeledi, ikasafiri juu ya meza kutoka kinywa hadi kinywa, kila mmoja akiachama inapomfikia na kunyong'onyea inapomtoka, harufu ya kitambaa kilichovunda ikizidi mpaka wifi akajiziba pua kwa ncha ya khanga, na wauguzi waliokuwa dirishani wakiendelea kupiga soga kana kwamba wanaoimba wimbo ule wa kutisha ni watoto wa shule, mpaka ikamfikia Bubu, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa, naye akainua uso akamtazama mama.

"Taulo ilishikwa na mkono wa nani?" mama alinong'ona. "Niambie, mkono wa nani?"

"Vinywa vya humu havisikilizwi," Bubu alijibu. "Nitafutie kinywa kinachosikilizwa."

Vijiko vikaanza kugonga tena.

Njiani kuelekea kwa daktari, wifi alimshika kiwiko. "Wifi, yule ni jini," alisema chini chini. "Fundi Saa alikuwa kiti chake, mwili wa kukalia. Mtu amekivunja kiti, jini kabaki amesimama. Bibi yangu alikuwa na wa namna hiyo. Tuondoke."

"Mwanangu yumo humu."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye subira, ingawa uchovu ulikuwa umemchimba chini ya macho. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Wagonjwa huigana, mama," alisema. "Mmoja akisikia neno, kesho wodi nzima inalo. Nikiandika kwamba shahidi wangu ni jini, watanilaza mimi hapa." Alitabasamu, kisha akaona uso wa mama, akaacha. "Mimi pia nampenda Kitinda. Lakini kesho asubuhi polisi anakuja, na Mpole ataeleza alichokiona. Kama kuna mtu mwenye akili timamu aliyeona kingine, mlete."

Walipotoka nje, mama hakwenda langoni. Alirudi kwenye korido. Wifi alijua mara moja.

"Usifanye hivyo," alisema. "Ukimkaribisha mgeni asiye na kwao, usije ukamuuliza ataondoka lini."

"Ungekuwa wewe, wifi, na huyo ni wako wa mwisho?"

Wifi alikaa chini sakafuni, akaanza kulia bila sauti.

Jua la jioni lilikuwa bado limepiga ukutani. Mama aliketi kwenye benchi, akakichukua kiganja cha Bubu kilichokuwa baridi kama samaki, akakifunga ndani ya viganja vyake viwili.

"Nimesikia hodi yako," alisema. "Mimi ni fundi, nina kazi yangu na akili zangu. Watu hunisikiliza. Karibu. Lakini ukishasema, utoke."

"Nikishasema," ilijibu sauti, na haikuongeza neno.

Ilimwanzia vidoleni, ubaridi uliopanda taratibu kama maji yanavyopanda kwenye utambi, ukapita viwiko, ukapita mabega, na ulipofika shingoni alitaka kughairi lakini koo lilikuwa limeshajaa, akasikia ladha ya sabuni na ya uzi wa taulo kwenye meno yake, akasikia uzito wa goti la mtu juu ya kifua chake, akaijua hofu ya mwisho ya Fundi Saa kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake, na juu ya hofu hiyo akauona uso ulioinama, uso mpole, unaotokwa na machozi, ukimwambia alale.

Bubu aliuchomoa mkono wake. Alijikunyata pembeni akilia kwa furaha, kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe.

Usiku ule mama hakulala. Wifi alikaa naye, taa ikiwaka, na kila alipomwita alijibiwa na mama mwenyewe, ila kwa kuchelewa kidogo, kama vile jibu lilikuwa linatoka mbali.

Asubuhi walikusanyika ofisini kwa daktari. Polisi alikaa karibu na dirisha. Mpole alisimama mikono nyuma, akaeleza vizuri, bila haraka, jinsi alivyofungua mlango na alichokikuta. Aliposema jina la Kitinda, sauti yake ilitetemeka.

"Yule kijana hana ubaya," alimalizia. "Ni ugonjwa tu. Msimwonee."

Daktari akamgeukia mama. "Una la kusema, mama?"

Mama alifungua kinywa, na chumba kikajaa harufu.

"Uliniambia nilale," alisema kwa sauti ya mwanamume, akihema. "Goti lako lilikuwa hapa. Ukasema, lala, ndugu yangu, hata mimi nimechoka."

Polisi aliinuka nusu. Daktari alinyoosha mkono kumgusa mama, ukabaki hewani. Mpole hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama mama, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa na nduguye barabarani.

"Ulikuwa unaamsha wodi nzima," alisema.

"Nilikuwa naogopa."

"Kila usiku unaogopa. Nilikuwa peke yangu, unajua nilikuwa peke yangu, wa zamu ya pili hakuja, wale wengine wameanza kujigonga ukutani. Nilikusihi. Sikukusihi?"

"Ulinisihi."

"Nilitaka unyamaze tu." Mpole alipiga magoti. "Sikutaka ufe. Nilipoinua taulo nikadhani umelala. Nikashukuru Mungu umelala."

"Na kijana?"

"Usiku alikuwa amelala kwa vidonge, asubuhi nikamkuta amekushika mdomo," alisema Mpole. "Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu kubwa. Nilinyamaza, na nikawa namlisha."

Nje mtu alisikika akiburuta ndoo. Polisi alimwinua Mpole kwa mkono, taratibu, wala hakumfunga pingu. Walipotoka, daktari alimkumbatia mama.

"Sijui nimesikia nini," alisema. "Lakini mwanao amenusurika na kesi hii. Umemwokoa."

Mama alitaka kujibu. Midomo ilicheza, lakini hakuna kilichotoka ila pumzi ya kuhema.

"Sasa toka," wifi alisema kutoka mlangoni. "Umeshasema. Toka."

"Nitoke niende wapi?" kinywa cha mama kikauliza, na kweli kilionekana kushangaa.

Walijaribu kila njia. Daktari alimlaza wodi ya wanawake, akabadilisha vidonge na kupandisha dozi. Wifi alileta mganga, mzee mmoja aliyefukiza na kusoma mpaka jasho likamlowesha, kisha akafunga mkoba wake. "Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Alikaribishwa. Aliyekaribishwa hana kosa la kufukuziwa."

Kitinda alitoka kwenye chumba cha peke yake, na mambo yake yakaanza kunyooka. Vidonge vilimkubali. Alirudi kwenye kazi ya kuchomelea, akaongezeka mwili, na kila siku ya kuona wagonjwa alikuwa wa kwanza langoni. Watu walisema ni muujiza, mama na mwana wamepishana mlangoni.

Siku moja alimkuta mama yake amekalishwa uani, kivulini. Alimchana nywele. Alimpaka mafuta miguuni. Kisha akakaa mbele yake, akamshika mkono.

"Mama, unanisikia?"

"Anakusikia," ilijibu ile sauti. "Yuko chumba cha nyuma. Ni mbali na mlango, ndiyo maana hajibu."

Kitinda alikuwa ameshazoea. Alichosema alikuwa amekifikiria kwa muda mrefu, usingizini na kazini. "Hamia kwangu. Mimi bado kijana, nina nguvu, nitakutunza. Mwachie mama yangu."

Macho ya mama yalimtazama kwa huruma isiyokuwa ya mama.

"Kwako ndiko nilikogonga kwanza," jini alisema. "Alfajiri ile ile, ulipomshika mwenzako mdomo. Hapakuwa na nafasi. Kumejaa."

"Kumejaa nini? Mimi nimepona."

"Wale wa kwenye mabomba wamenyamaza tu. Vidonge vinawalaza."

Upepo mdogo ulipita uani, nguo zilizoanikwa zikajipiga. Kitinda alitulia, na katika kutulia kule alisikia, au alidhani amesikia, mtu ndani kabisa akijigeuza kitandani. Alitaka kuinuka akimbie mpaka langoni na asirudi tena mahali pale.

Ndipo kidole kidogo cha mama kikambonyeza kiganjani. Kilibonyeza kwa udhaifu sana, kikaacha, kikabonyeza tena, kama mtu anayepiga ukuta kutoka upande wa pili.

"Mwachie mkono," jini alisema haraka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Ukimshika anaamka."

Kitinda aliuleta na mkono wa pili, akaushika wa mama kwa yote miwili. Kengele ya kufunga muda ikalia. Wageni wengine wakaaga, wakabeba mabakuli yao, wakatoka. Muuguzi akaja akasimama nyuma yake, akamwambia kwa upole kwamba muda umekwisha. Alimwambia tena. Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa, meno ameyauma, na hakuuachia.