Aliyemtafuta Mwana Hadia

Kilio kile kilichelewa. Hicho ndicho kilichomshtua Bi Mwanatumu.

Alikuwa ameketi ukumbini mwa nyumba yake, mtaa wa Langoni, akiwasomea wanawake wa jirani hadithi aliyoitunga, kama alivyofanya kila siku baada ya sala ya adhuhuri, wakati wanaume wamelala na vichochoro vya mji wa Amu vimeachiwa paka na punda. Alifika pale mama wa bibi harusi anapovunja mlango na kukuta chumba kitupu. Wanawake wakalia wote kwa pamoja, kilio cha raha, cha watu wanaojua kwamba wakimaliza watapewa kahawa. Wakajifuta nyuso kwa leso, wakanyamaza. Ndipo mtu mwingine akalia, peke yake, kutoka chumba cha ndani kabisa, na kilio chake hakikuwa na raha hata kidogo.

"Nani yuko ndani?" aliuliza Bi Mwanatumu.

"Hakuna mtu, mama," alijibu Radhiya, binti wa marehemu dada yake, ambaye Bi Mwanatumu alimlea tangu akinyonya. "Nimetoka huko sasa hivi kufagia."

Bi Mwanamkisi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwepesi wa maneno, alisema ni njiwa. Wenziwe wakakubali upesi mno kwamba ni njiwa, wakajifunika shiraa zao, wakaondoka kabla kahawa haijapoa.

Bi Mwanatumu hakuwa na nguvu za kuogopa siku ile. Alikuwa mtu aliyechoka. Mumewe alifia Unguja, akamwachia nyumba yenye vyumba vingi na paa linalovuja. Tangu serikali itangaze kwamba hakuna tena mtumwa wala bwana, waliokuwa wakichota maji na kutwanga katika nyumba ile walikwenda zao, kwa haki yao, na kazi yote ikawabakia wanawake wawili. Aliandika alfajiri, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, macho yakimwasha na kifundo cha mkono kikimuuma, kisha akashuka jikoni. Hadithi ile aliianza kwa mapenzi. Sasa ilikuwa mzigo kama mtungi mwingine wa maji.

Ilikuwa hadithi ya mji wa Pate, zama za enzi yake. Mwana Hadia, binti wa mkubwa mmoja wa mji, anampenda fundi anayemchongea babake milango. Baba anamwoza kwa mwingine. Siku ya harusi, akiwa amepambwa tayari, Mwana Hadia anatoweka ndani ya chumba kilichokomewa kwa ndani. Nani kamchukua? Langoni nzima iliuliza. Wengine walimtaja fundi, wengine mama wa kambo. Bi Mwanatumu alitabasamu tu, kama anayejua. Ukweli ni kwamba hakujua. Aliufunga mlango ule akitumaini kwamba jibu lingemjia njiani, na miezi ikapita, na jibu halikuja.

Baada ya siku ya kilio, harufu ilianza. Ilikuja wakati wa jua kali, hewa inaposimama. Kwanza ilinukia kikuba, ile asmini na rehani wanayofungiwa maarusi kifuani. Radhiya aliifurahia, akadhani kwa jirani kuna harusi. Lakini chini ya asmini mlikuwa na kitu kingine, kama maua yaliyoachwa ndani ya maji mpaka yakaoza, na kila Bi Mwanatumu alipokaribia chumba cha ndani, kile cha pili ndicho kilichozidi.

Kisha alfajiri moja, akiandika, alisikia mtu nyuma yake akisoma. Si kwa sauti, kwa pumzi tu, neno baada ya neno, jinsi kalamu ilivyokwenda. Alipoinua kalamu, pumzi nayo ilisita. Alipoandika jina la Hadia, ile pumzi ikatetemeka, ikamwagikia shingoni mwake, baridi kama ya mtu atokaye kisimani, na Bi Mwanatumu akakaa vile vile bila kugeuka, mkono ukiwa hewani, wino ukidondoka juu ya karatasi tone kwa tone, akisoma moyoni kila aya aliyofunzwa utotoni na kuzichanganya zote, mpaka Radhiya alipopita uani akiburura ndoo na kile kitu kikaondoka.

Siku hiyo aliwaambia wanawake, "Hadithi imekwisha."

"Imekwishaje?" Bi Mwanamkisi aliruka. "Na Mwana Hadia yuko wapi?"

"Sijui. Nimechoka, Bi Mwanamkisi. Nendani makwenu."

Walitoka wakinung'unika. Alikuwa bado anakunja mkeka aliposikia swali lile lile likiulizwa tena, nyuma yake.

"Yuko wapi?"

Radhiya alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha ndani. Kinywa kilikuwa cha Radhiya. Sauti ilikuwa nzito, ya polepole, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa kale, ambacho msichana yule hakupata kukisikia. Harufu ya kikuba kilichooza ilimtoka nyweleni. Kisha akaanguka.

Tangu hapo hakula. Mchana alilala macho wazi, na jua lilipofika utosini alijiinua, akauliza neno lile moja, akalala tena. Mashavu yalimbonyea. Bi Mwanatumu alimlazimisha uji kwa kijiko, nao ukatoka pembeni mwa mdomo.

Bi Mwanamkisi ndiye aliyekwenda Shela kumwita Mwalimu Abdulghafur, aliyesifika kwa kusomea wenye majini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye pumu, ambaye naye alionekana kuichoka kazi yake. Alikaa kitako kwanza mpaka pumzi zikamrudia.

"Huwa wanataka vitu," alimwambia Bi Mwanatumu kwa sauti ya chini. "Nguo nyekundu, pete, halwa. Tukimpa chake, ataondoka. Wewe usiseme mpaka nikwambie."

Alitia ubani kwenye chetezo, akasoma, akampulizia msichana usoni. Jua lilikuwa utosini. Mtaa mzima ulikuwa kimya.

"Wewe uliyemo humo," alisema mwalimu, "wataka nini kwa mtoto huyu? Wataka nguo?"

"Sitaki nguo."

"Wataka pete?"

"Pete ninazo. Namtaka Hadia. Nalimpenda yeye kabla ya fundi yule, nikikaa kisimani pale alipokuwa akioga. Nikaenda nikarudi, nikakuta nyumba ni magofu na watu si wale. Nimemtafuta nti yote. Hakuna anayemjua." Macho ya Radhiya yakageuka yakamtazama Bi Mwanatumu. "Huyu anamjua. Anajua alivyocheka. Anajua kovu lake."

"Kovu gani?" aliuliza mwalimu.

"La moto. Nyuma ya sikio la kushoto."

Bi Mwanatumu akajivuta nyuma mkekani. Kovu lile hakuwahi kulisoma mbele ya mtu, wala hakuliandika. Alilifikiria tu, siku moja akikaanga samaki, mafuta yalipomrukia.

"Sema naye," alinong'ona mwalimu. "Sema kweli."

"Nimemtunga," alisema Bi Mwanatumu. "Wallahi, nimemtunga kichwani mwangu. Hakuna mtu huyo. Hajapata kuwapo."

Msichana akacheka, na kile kicheko kilikuwa na huruma, kama mtu mzima anayemsikia mtoto akidanganya.

"Mtu hatungwi," ilisema ile sauti. "Umemficha. Basi na mimi nitamficha wako."

Shingo ya Radhiya ikaanza kukaza. Mishipa ilisimama, midomo ikageuka rangi, mikono ikapigapiga mkeka, na mwalimu akapandisha kisomo mpaka pumu ikamkaba katikati ya aya, akabaki akikohoa na kuonyesha kwa kidole kwamba yeye hawezi tena, na Bi Mwanatumu akamvuta mtoto mapajani, akahisi kifua chake hakipandi wala hakishuki, na harufu ile ya maji na maua yaliyooza ikajaa chumba mpaka ikamwingia mdomoni kama kitu cha kutafuna.

"Amekufa!" alipiga kelele. "Hadia amekufa!"

Mikono ya Radhiya ikatulia.

"Wapi?"

Akasimulia. Hakuwa na karatasi wala kalamu, lakini maneno yalikuja mepesi kuliko yalivyopata kuja miezi yote ile. Alisema Hadia hakuchukuliwa na mtu. Mama wa kambo alimtilia sumu katika maji ya waridi, akafa chumbani akiwa amepambwa, na jamaa zake kwa kuogopa aibu wakamtoa kwa dirisha la nyuma, wakamzika bila kumwambia yeyote.

"Nishike ndia ipi? Kaburi lipi?"

"Pate kwenyewe. Nyuma ya msikiti uliobomoka, katika makaburi ya zamani. Hawakuliwekea jiwe wala jina. Nenda kamlilie, umwache mwanangu."

Kisha kile kilio alichokisikia siku ya kwanza kilipanda kutoka kifuani mwa Radhiya, kikapita kwenye ukumbi, kikapita uani, kikapanda darini, kikaenda. Radhiya akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa.

"Mama," alisema kwa sauti yake, "nina kiu."

Mwalimu Abdulghafur hakutaka chochote. Alipokuwa akivaa makubadhi yake aliuliza, "Yale uliyosema, ni kweli?"

"Sijui kweli ni ipi, mwalimu."

"Basi omba Mungu iwe kweli," alisema, akaenda zake.

Bi Mwanatumu alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka. Radhiya alirudi kula, akanenepa, akaposwa na kijana wa Mkomani. Wanawake walipokuja kuomba hadithi nyingine, Bi Mwanatumu aliwapa kahawa tu. Kalamu aliitia motoni.

Kaskazi ilipokwisha, alikuja Famau, mkulima wa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha Pate, aliyezoea kumletea tumbaku ya kuuza. Alikuwa amechoka uso.

"Habari za huko, Famau?"

"Njema, Bi. Ila yale magofu ya Pate, hatupiti tena." Alishusha sauti. "Kuna mtu asiyeonekana anafukua makaburi ya zamani. Hachukui kitu. Anafukua moya, anatandaza mifupa vizuri, anainusa... nasema anainusa kwa sababu mwanangu ameona udongo ukipumua. Kisha anakwenda la pili. Mchana kweupe, jua la utosi."

Bi Mwanatumu aliweka tumbaku chini.

"Yamebaki mangapi?"

"Ambayo hayajafukuliwa?" Famau alifikiri. "Si mengi, Bi. Upande mmoja tu."

Alipoondoka, Bi Mwanatumu alimwita Radhiya, akamfungia nguo zake, akamwambia aende yeo hii akakae kwa wakwe zake watarajiwa, wala asirudi mpaka aitwe.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Ndoo hapa nikubusu. Haya, nenda."

Akafunga mlango kwa komeo. Akaingia chumba cha ndani, akatandika mkeka, akaketi kuuelekea mlango, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia yule atakaporudi. Jua lilikuwa likipanda. Alitafuta muuaji mwingine, kaburi jingine, nti nyingine ya mbali. Kichwa kilikuwa kimechoka, na hakuna lililokuja.