Mwenyeji Wenu ni Nyangi

Siku ile ilianza kama zinavyoanzaga siku zangu zote, kwa uvivu. Nilikuwa barazani kwangu hapa Musoma, kompyuta mapajani, chai imeshapoa, naweka picha za vitenge vipya kwenye tovuti ya Ikhlas, dada mmoja mfanyabiashara wa Kabasa, kule Bunda.

Hiyo ndiyo kazi yangu uzeeni. Nimeendesha malori mpaka Lubumbashi, nimepika kwenye meli Beira, nimeuza simu Guangzhou, na kila nilikopita niliacha kitu: koti, meno mawili, mke. Sasa nina miaka hamsini na mitatu na kitambi, na kazi yangu ni kuhakikisha tovuti za biashara ndogo ndogo hazisemi uongo. Duka likihama, nahamisha ramani. Fundi akibadili namba, naibadilisha. Ni kama kufagia uwanja. Ukifagia hakuna anayeona, usipofagia wanaona wote.

Ikhlas akapiga.

"Kaka Gody, picha nimeziona, asante. Halafu ile nyumba ya wageni uliyonielekeza Butiama, nimelala juzi. Mzee mwenyewe sijamwona, ila yule mama ana ukarimu!"

"Mama gani?"

"Si huyo mwenyeji, Nyangi, aliyeandikwa kwenye tovuti? Kanipokea mzigo getini. Haongei tu. Na mikono yake baridi, nikajua ametoka kufua."

Nikasema ndiyo, ndiyo, nikakata simu.

Nyangi tulimzika Februari. Huu ulikuwa Juni.

Ngoja niseme vizuri. Nyangi alikuwa mke wa Bernado, rafiki yangu tangu tukiwa na nywele. Nyumba ile ya wageni ilikuwa yao wawili, hawakujaliwa mtoto. Tovuti niliwatengenezea mimi, na juu kabisa niliandika kwa herufi kubwa: MWENYEJI WENU NI NYANGI. Kila Ijumaa mchana alikuwa akinitumia picha ya meza ya chakula, ameandika, "Shemeji, wawekee wageni waone," nami naipandisha. Nilimpa hata neno la siri, ajipandishie mwenyewe nikiwa nimelala.

Alipofariki nilikuwepo kwenye matanga. Kwa ukoo wao, mama mwenye nyumba akifa, mafiga yake yanang'olewa jikoni. Aliyeyasimika ndiye anayeyang'oa, na huku anamwambia marehemu, "Umetupikia vya kutosha, pumzika." Bernado aliyasimika wakati wa kumwoa, Bernado akayang'oa, mawe matatu. Wazee walisema jiko likiachwa, mwenye jiko hafiki anakotakiwa kwenda.

Nililia pale kuliko wafiwa. Kisha nikarudi Musoma, na ile tovuti sikuigusa. Miezi minne. Nilijiambia ni huruma. Ulikuwa uvivu, na huruma kidogo.

Sasa nikaifungua.

Picha zilikuwepo. Kila Ijumaa, saa saba kasoro robo mchana, tangu Februari. Meza ileile, sahani mbili, ugali, samaki. Katika kila picha Bernado amekaa upande mmoja, anatabasamu. Kila wiki amekonda zaidi. Bernado ana simu ya kitochi. Kitochi chake hakina kamera.

Chini kulikuwa na tangazo jipya.

"Wageni wetu wapendwa, Ijumaa hii saa saba mchana nyumba itafungwa. Mimi na mume wangu tunasafiri. Hatutarudi."

Nikampigia Bernado. Iliita muda mrefu.

"Ndugu yangu, uko salama?"

"Niko salama," akanong'ona. "Usipige wakati wa chakula. Hapendi."

* * *

Ijumaa saa sita na nusu nilikuwa Butiama. Jua kali, mbuzi barabarani, watu wanatoka ofisi za wilaya kwenda kula. Hakuna kitu cha kuogopesha duniani kama kuogopa mchana, maana huna hata giza la kusingizia.

Bernado alikuwa mezani. Amevaa suti ile ya mazishi, na kola ilikuwa imempwaya, ngumi yangu ingeingia. Begi katikati ya miguu. Mbele yake sahani mbili, ugali unafuka moshi.

"Umewahi," akasema. "Ungekuja saa nane ungekuta tumeondoka."

"Nani kapika?"

"Unauliza kama humjui shemeji yako."

Nikaenda jikoni. Palikuwa na mashimo matatu yalipokuwaga mafiga. Hakuna jivu. Hakuna kuni. Nikagusa chini kwa kiganja.

Baridi.

Nikarudi, nikakaa, nikafungua kompyuta. Nilikaa nimeupa mgongo mlango wa jikoni, kosa la kijinga, lakini kiti kingine kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama cha mtu aliyeinuka mara moja kufuata chumvi.

"Unaenda wapi, Bernado?"

"Kasema nisijali. Kasema nisibebe nguo nyingi."

Nikafuta lile tangazo. Nikafuta na jina. Nikahifadhi. Nikafungua upya.

MWENYEJI WENU NI NYANGI.

Nikafuta tena. Likarudi. Saa saba kasoro robo, picha mpya ikapanda yenyewe mbele ya macho yangu. Ilipigwa kutoka mlango wa jikoni. Bernado, sahani, begi. Mgongo wangu. Kipara changu kinang'aa vizuri kabisa.

Na juu ya bega langu, vidole vinne.

Sikugeuka. Mimi niliyetukana askari wa mipaka saba, sikugeuka.

"Usimfute, Gody," Bernado akasema polepole. "Nakuomba. Wewe una dunia nzima. Mimi nina yeye tu."

"Dunia nzima! Bernado, nikifika nyumbani nasalimia friji. Linanguruma, nafurahi nimejibiwa."

Akacheka. Kidogo tu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari, na bega langu likazidi kuwa zito.

Zilibaki dakika kumi.

Nikafuta. Likarudi. Nikafuta. Likarudi. Bernado akaanza kufunga kifungo cha koti. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu.

Ndipo nikaelewa, na nikajiona mpumbavu. Bernado alishang'oa jiko lake. Hili la pili, la kwenye tovuti, hakulisimika yeye. Nililisimika mimi, kwa mikono yangu, na likaendelea kuwaka miezi minne kwa sababu Gody alikuwa amelala. Hakuna mwingine wa kuling'oa. Wala haling'oki kimyakimya.

Nikasimama. Nikageuka, macho nimeyafumba, sina aibu kusema.

"Shemeji Nyangi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. "Umetupikia vya kutosha. Mimi ndiye niliyekusahau huku. Nisamehe. Pumzika. Mwache Bernado, bado ana..."



"Bado ana nini?" Bernado akauliza nyuma yangu. Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua kweli.

Nikatafuta. Mtoto hana. Ng'ombe wameuzwa.

"Bado ana mimi," nikasema. "Si zawadi kubwa, shemeji, unanijua. Ila nitakuja. Kila Ijumaa nitakuja kula naye."



Nikaigeukia kompyuta, nikafumbua macho, nikafuta jina.

Moshi wa ugali ukakatika. Papo hapo. Kile kiti kitupu kikasukumwa nyuma taratibu, miguu yake ikakwaruza sakafu. Nyayo zikapita karibu yangu. Hazikuelekea getini. Zilielekea koridoni, kwenye vyumba. Mlango ukafungwa, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuamsha wageni.

Nilipofungua tovuti, jina halikuwepo.

Bernado alikuwa amelaza kichwa mezani. "Umenifukuzia mke," akasema, analia. "Umenifukuzia mke wangu, Gody."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye mpaka saa kumi.

* * *

Sasa naenda kila Ijumaa. Napika mimi. Bernado ananitukana, anasema ugali wangu ungeziba ufa wa ukuta, lakini anakula, na kola yake imeanza kumbana. Wageni wanakuja. Tovuti naifagia kila wiki, haina neno lililochakaa.

Isipokuwa mstari mmoja siugusi. Unasema: "Tuna vyumba vitano." Sikuuandika mimi. Niliukuta siku ileile, jioni.

Milango ya vyumba iko sita. Nimeihesabu, Bernado kaihesabu. Wa mwisho, ule zilikoishia nyayo, umefungwa kwa ndani, na ufunguo wake unaning'inia sebuleni. Nilimuuliza Bernado kama tuuvunje. Akasema, "Andika vitano." Nami sikubisha.

Hakuna kelele inayotoka mle, wala harufu. Ila kila asubuhi, sakafuni mbele ya mlango ule, kuna kikombe kimeoshwa, kimefudikizwa, bado kinachuruzika maji.