Dirisha la Lusia

Nyayo zilikuwa za mguu mtupu, ndogo, na zote zilielekea ndani. Christina aliziona asubuhi akifagia vumbi la tofali chini ya tundu la dirisha. Zilianzia tundoni, zikapita kando ya ndoo ya maji, zikaishia kitandani, upande anaolalia yeye. Alitafuta za kutoka, hakuziona. Akazifagia, akamwaga maji sakafuni, akamwambia mumewe kwamba watoto wa jirani wameanza tena utundu wao.

Yotham alikubali upesi, maana alikuwa na mengine ya kumuumiza kichwa. Nyumba hiyo ya Makanyagio aliachiwa na baba yake, mzee Cletus, ikiwa imechoka vibaya: mabati yametoboka, vyumba vina giza mchana kweupe. Christina alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kudumu baada ya mbili zilizoharibika, na Yotham alikuwa ameapa kwamba mtoto huyu atalelewa kwenye nyumba yenye hewa na mwanga. Ndiyo maana alikuwa ameezua vyumba vya mbele. Wakahamia chumba cha nyuma, ambacho bati lake lilikuwa bado zima, na fundi Mwandu akaambiwa apasue dirisha kwenye ukuta wa nyuma.

Mwandu aligongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasimama mahali pamoja.

"Bosi, hapa tofali zimelegea. Inaonekana kuna mtu alishapafungua zamani, akapaziba. Tupasulie hapa hapa, ya nini kujichosha?"

"Pasua," Yotham alisema.

Nani alifungua ukuta wa chumba cha kulala, na kwa nini, hakuna aliyeuliza. Tofali ziliporomoka zenyewe mpaka karibu na sakafu, likabaki tundu ambalo watu wawili wangeweza kupita wamebeba kitu.

Siku hiyo hiyo akafika Bwana Fredrick, mkaguzi wa majengo, na pikipiki yake. Akaulizia kibali cha ukarabati. Hakikuwepo. Yotham hakujua kama mtu anahitaji ruhusa ya kutengeneza nyumba ya baba yake mwenyewe. Bwana Fredrick akatoa kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X ubavuni mwa tundu.

"Kuanzia sasa usiongeze tofali, usipunguze tofali, mpaka kibali kitoke. Ukigusa tu, tutaonana pabaya."

"Mzee, mvua hizi, na mke wangu hali yake ndiyo hiyo. Niruhusu basi nizibe tu."

"Kuziba nako ni ujenzi, ndugu yangu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje pale ambapo hata kuziba ufa kunataka mhuri. Kuanzia hapo Yotham alilijua kila benchi la bomani. Fomu ilitaka ramani, na mchora ramani yuko semina. Ramani ilipopatikana ikatakiwa saini ya mkoani, na barabara ya mkoani imekatwa na mvua, maana ndio mwaka ule wa Elnino, magari yanalala porini. Barabara ilipopitika, mwenye saini alikuwa likizo. "Njoo wiki ijayo," aliambiwa kwa upole, upole wa mtu ambaye nyumba yake ina kuta zote. Alikuwa akirudi na viatu vilivyojaa tope, na moyo umejaa uchungu usio na pa kuutemea.

Nyumbani walitundika turubai tundoni. Hata siku isiyo na upepo lilivutwa ndani, likarudi nje, polepole, kwa kipimo kile kile. Kisha ikaja harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na ndani yake maziwa yaliyochacha. Christina alifua mashuka, akaanika godoro kila jua lilipochomoza kidogo. Harufu haikutoka.

Alasiri moja mvua ilikuwa imefunga pande zote na Yotham yuko bomani, Christina amejilaza ubavu akitazama mlango, akasikia turubai likiinuliwa, akadhani upepo, akasikia miguu iliyolowa ikitembea sakafuni bila haraka, akataka kugeuka na shingo ikakataa, na kitanda kikabonyea nyuma yake kama kinavyobonyea mtu anapokaa, harufu ile ya maziwa ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na mkono wa baridi, mkono wa mwanamke kwa ulaini wake, ukapita juu ya mbavu zake, ukashuka tumboni, ukatua pale pale mtoto alipokuwa akirusha miguu tangu asubuhi, na mtoto akatulia, akatulia kabisa, na sauti ikaanza kumwimbia wimbo wa kubembeleza kwa Kipimbwe, lugha ambayo Christina hakuijua hata neno.

Yotham aliporudi alimkuta ameketi nje, mvuani.

"Kuna mtu anaingia humu," alinong'ona.

"Mtu gani?"

"Usiongee kwa nguvu. Mimi hana shida na mimi. Anamtaka mtoto."

Majirani walisema ni jini. Katekista alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka kila kona. Kesho yake nyayo zilikuwepo. Ndipo Yotham akatuma ujumbe Usevya kwa lori la mpunga, na shangazi yake, bibi mzee Pudensiana, akafika akiwa na kifurushi kidogo kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

Bibi alikuwa analitazama tundu. Akakaa chini uani, palepale kwenye tope, akakataa kuingia.

"Nani aliwaambia mfungue hapo?"

"Ni fundi. Tofali zilikuwa zimelegea."

"Zililegea kwa sababu tuliziba kwa haraka." Akajifuta uso kwa upande wa kitenge. "Unamkumbuka Lusia?"

Yotham alimkumbuka. Alikuwa mke mdogo wa baba yake, binti mcheshi aliyekuwa akimfichia ukoko wa wali chini ya sahani. Yotham alipokuwa shule ya bweni aliambiwa mama mdogo amefia hospitali.

"Muongo baba yako," bibi alisema. "Alifia humu ndani, mtoto wake tumboni. Aliugua kutwa nzima, na baba yako anasema gari la kumpeleka linakuja, linakuja. Kwetu sisi, mwanamke aliyekufa na mimba hapitishwi mlangoni. Unapasua ukuta, unamtoa kwa nyuma, unaziba watu wakiwa bado makaburini. Akitafuta njia ya kurudi, haioni. Sasa nyie mmemfungulia njia yake mwenyewe."

"Majirani wanasema ni jini, shangazi."

"Jini angekuwa nafuu. Jini unamuuliza anataka nini. Huyu najua anachotaka." Akashusha sauti. "Tena hakuliliwa. Baba yako alikataza kilio, aliona haya, hakutaka watu wajue alivyofia humu ndani. Maiti isiyoliliwa haijui kama imekufa. Tumlilie leo, tumtoe, tuzibe."

"Sina kibali, shangazi."

Bibi alishaanza kujifunga kitenge kiunoni. "Kibali cha nani?"

Walikata mgomba mmoja mkubwa na mche wake mdogo, wakaifunga pamoja kwa kitenge kipya, mama na mwana. Bibi alipiga yowe la kwanza, na wanawake wa jirani, waliokuja kwa udadisi tu, wakajikuta wanalia kilio cha kweli. Yotham naye alilia. Alimlilia Lusia na ukoko wake, akalia pia kwa hasira juu ya baba yake aliyesema gari linakuja. Mgomba ukatolewa tundoni, miguu mbele, ukapelekwa makaburini, hakuna aliyegeuka nyuma. Mwandu alibaki na Christina. Aliponda udongo, akapanga tofali, na waliporudi ukuta ulikuwa mzima, unang'aa kwa maji.

Chumba kikawa chumba. Harufu ilikwisha. Christina alijifungua salama hospitali, mtoto wa kiume, wakamwita Enoka. Alinyonya kwa pupa mpaka Christina akawa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Yotham aliacha kwenda bomani. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alilala usingizi.

Furaha ya maskini haina miguu mirefu. Bwana Fredrick alipita njia ya nyuma, akaona X yake imekatika katikati, nusu imebaki ukutani, nusu imefunikwa na udongo mpya. Akarudi na mgambo wawili wenye sululu.

"Umeziba bila kibali. Ukuta unatakiwa uwe kama ulivyokuwa siku niliposimamisha kazi. Faili linasema kuna tundu. Mkubwa akija kukagua asikute tundu, nitamwambia nini?"

"Mzee, nakupigia magoti," Yotham alisema, na kweli alipiga. "Nitozeni faini, nifungeni, lakini huo ukuta uacheni."

Christina alitoka amempakata mtoto. "Baba, una watoto wewe? Njoo basi ukae humu jioni moja tu. Moja tu, halafu ubomoe."

Bwana Fredrick aliangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. "Dada yangu, mimi natekeleza tu," alisema. Sululu zikaanza kazi. Udongo wa Mwandu ulikuwa bado haujakauka vizuri, ukaanguka vipande vipande.

Kabla mgambo hawajafika barabarani, Yotham alikuwa ameshapanda baiskeli kumfuata Mwandu. Christina alimlaza Enoka kitandani, akamwekea mito pande zote, akatoka kuepua sufuria mekoni. Mtoto akaanza kulia. Christina akasema nakuja, mwanangu, nakuja. Kilio kikakatika ghafla, na pale alipokuwa, na sufuria mkononi, akasikia kutoka chumbani sauti ya mtoto anayenyonya, inameza na kupumua, inameza na kupumua, na juu ya sauti hiyo wimbo ule wa Kipimbwe, taratibu, wa mtu ambaye amesubiri sana na sasa hana tena wasiwasi, na Christina akakimbia, akajikwaa kizingitini, akaingia, akamkuta Enoka peke yake kitandani, macho yamelegea kwa shibe, midomo imelowa maziwa ya rangi ya kijivu yenye harufu ya udongo. Sakafuni nyayo zilielekea ndani.

Alimpa ziwa. Enoka aligeuza uso.

Hakulishika tena. Maziwa ya ng'ombe alitema, uji alitema, kijiko akakifungia mdomo. Walikimbilia Sibwesa kwa ndugu, na huko mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akakonda, utosi ukabonyea, mganga wa zahanati akatikisa kichwa. Shangazi Pudensiana alipoitwa tena alimtazama mtoto tu, akafungua kifurushi chake, akakifunga. "Ameshaonja," alisema. "Sina dawa ya hilo." Wakamrudisha Makanyagio akiwa hajiwezi. Wakamlaza chini ya tundu, wakatoka nje, wakaketi uani wameshikana mikono, wakisikiliza akinyonya.

Kibali kilitoka mvua zilipokwisha. Bwana Fredrick alikileta mwenyewe, kina saini zote na mhuri wa zambarau, anatabasamu. "Haya ndugu yangu, si unaona? Subira yavuta heri. Sasa ziba."

Yotham alikipokea, hakukisoma. Mwandu alikuwa ameshaponda udongo. Akainua tofali la kwanza.

"Usizibe," Christina alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni, mifupa mitupu, maziwa yake yalikuwa yameshakauka. Mikononi alimshikilia Enoka aliyenenepa, mashavu yanang'aa.

"Mke wangu, kibali hiki hapa. Tumekisubiri muda wote huu."

"Nakiona." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Ukimfungia nje, Yotham, mtoto atanyonya nini?"

Mwandu aliliweka tofali chini. Turubai likavutwa ndani, likarudi nje, na Enoka akageuza uso upande wa tundu, akaanza kurusha miguu.