Treni Iliyopita Mwisho wa Waya

Msabaha aliifuta ile treni mara tatu, na mara tatu ikarudi kwenye ratiba ya kompyuta. Treni ya umeme, eti inakwenda stesheni kumi mbele ya pale waya wa umeme wa reli unapokoma, ambako hupita za dizeli tu. Kosa kama hilo yeye, mpangaji wa ratiba za treni mwaka wa sita, asingelifanya hata usingizini. Ilikuwa Novemba 1998, saa nane mchana, ofisi ya London imejaa watu, lakini aliogopa, maana kila ikirudi ilikuja na harufu ya udi.

Alitaka kuwahi nyumbani Walthamstow. Miska, mwanawe wa pekee, miaka tisa, alikuwa kitandani na homa kali.

Simu ya mezani ikalia. Sauti ya bibi kizee, Kipemba kitupu.

"Mwanangu, nataka kiti."

Roho ikamtulia, kumbe abiria, kakosea namba. Na adabu ya Kipemba haina likizo.

"Shikamoo, bibi. Viti vipo tele. Chagua ukipendacho."

"Umenipa?"

"Nimekupa, bibi."

Jaya, mzaliwa wa Mombasa aliyekaa meza ya pili, akamsogelea. "Wazungumza na nani?" alinong'ona. "Simu hiyo imekatwa tangu jana. Twangoja engineer."

Hapo ndipo Msabaha alipokumbuka lile alilolijua tangu utotoni Wete na London ikamsahaulisha, kwamba pepo haombi mtu, huomba kiti, na kiti chake ni mwanadamu atakayempanda kichwani, na kwamba hapandi mpaka mzazi aseme nimekupa, na yeye kasema, kwa ulimi wake mwenyewe, tena akamwambia achague.

Alinyakua simu ya Jaya, akapiga nyumbani.

"Homa imemwacha ghafla," mkewe Zainab alisema kwa sauti ya chini. "Kakaa kitako kitandani. Lakini Msabaha, njoo. Anasema Kiswahili."

Miska, ambaye tangu azaliwe huulizwa Kiswahili akajibu Kiingereza.

"Mpe simu."

Alisikia pumzi, nzito, za taratibu.

"Miska, mwanangu. Ni baba."

"Miska keshashuka," mtoto akajibu.