Mume Akikataa Kukuacha

Ijumaa asubuhi, jikoni kwa Bi Mahbuba, mtaa wa Mabela, kulinukia samli na bizari. Alikuwa anapakua biriani. Sinia moja ya nyumbani, nyingine ya dada yake, Bi Hajar.

Bi Hajar ni mama yake Muatasim. Na Muatasim ni mume wa Nawar, binti wa Bi Mahbuba. Mume huyo alihamia Dubai, akaoa mke mwingine huko. Miaka mitatu sasa harudi, hatumi matumizi, na talaka hatoi. Nawar akimpigia simu, hucheka.

"Sikuweki wala sikuachi," humwambia. "Kaa hivyo hivyo."

Basi kila Ijumaa Bi Mahbuba alipeleka sinia na kumsihi dada yake aseme na mwanawe. Eti Bi Hajar akishiba, Muatasim atalainika!

"Mama, basi," alisema Nawar, mwiko mkononi. "Nataka kuishi. Nataka siku moja niolewe na mtu anayenitaka."

"Hata mie nnataka, mwanangu. Lakini nimshitaki mtoto wa dada yangu? Udugu utakufa. Na mume asipotoa talaka, tutafanya nini?"

Jirani yao Taghreed alikuwa mlangoni. Yeye ni wakili wa kesi za ndoa. Aliyasikia hayo, akaingia bila kungoja kukaribishwa.

"Nisamehe, Bi Mahbuba, lakini sivyo. Mume akimdhuru mkewe au akimtelekeza, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi. Kadhi akithibitisha, anaweza kuvunja ndoa, mume atake asitake."

"Wallahi?" Nawar alirusha mwiko.

"Wallahi! Na si sisi peke yetu. Nilisoma na mwanamke wa Kiyahudi. Kwao mume asipompa mke hati ya talaka ya dini, mke hawezi kuolewa tena. Mumewe alikataa. Wanawake wenzake walisimama naye, wakawaendea viongozi wa dini yao, mpaka mume akaitoa. Angekaa kimya, angekuwa bado anangoja."

"Tunaanzia wapi?"

"Kwenye kamati ya usuluhishi. Wao watamwita mume. Wakishindwa, tunafungua kesi. Chukua cheti cha ndoa. Tafuta shahidi anayejua kwamba mumeo amekutupa. Na usijihesabu umeachika mpaka hukumu itoke. Kisha utakaa eda."

Nawar alikuwa keshavaa buibui. "Twende!"

"Leo Ijumaa, ofisi zimefungwa!" Taghreed alicheka mpaka akashika mlango.

Jumapili, ofisi zilipofunguliwa, walikwenda. Muatasim aliitwa kwenye kamati, hakuja. Kesi ikafunguliwa mahakamani.

Siku ya kusikilizwa, Nawar alikaa mbele ya kadhi, cheti cha ndoa mkononi. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Hajar. Bi Mahbuba alidhani dada yake amekuja kumtetea mwanawe.

Bi Hajar alisimama mbele ya kadhi. "Muatasim nimemzaa mimi, nnampenda. Lakini kamtupa mkewe. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema hamweki wala hamwachi. Huyu Nawar naye ni mwanangu."

Nawar alilia palepale, kwa furaha.

Kadhi alimpa Muatasim muda: akae na mkewe kwa wema au amwache. Muda ukapita, Muatasim kimya. Kadhi akaivunja ndoa.

Nje ya mahakama Bi Mahbuba alimkumbatia dada yake. "Mbona hukunambia kama uko upande wetu?"

"Uliniuliza lini? Ulinitaka nimbembeleze tu. Nimembembeleza hata nimechoka!"

Eda ikaisha. Haukupita muda, posa ikaletwa, ya mwalimu mmoja wa mji wa Al Amerat, kijana mwenye sifa njema. Bi Mahbuba na dada yake wakaenda mbio chumbani kwa Nawar, vigelegele viko tayari mdomoni.

"Haya, unasemaje?" Bi Hajar alihema.

Nawar alifikiri. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo mama yake hakuwa ameliona kwa miaka.

"Mwambieni angoje kidogo, nimjue kwanza. Safari hii mwenye kuamua ni mimi."