Nakala ya Mchora Majengo

Duka la kompyuta lilikuwa limefurika wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mmoja akiinyooshea kidole kompyuta anayoitaka. Msichana wa gauni la njano alishachagua: mashine nyembamba ya rangi ya fedha, ameikumbatia kabisa.

"Unasoma nini, dada?" muuzaji akamuuliza.

"Kuchora majengo."

"Basi irudishe. Ukichora ghorofa mbili tu, itakuzimikia." Akamshushia mashine nyeusi, nene, nzito. "Yako hii."

"Kaka, mimi natafuta kompyuta, wewe unaniuzia tofali."

"Mjenzi anaogopa tofali?"

Msichana akacheka, na kicheko hicho kikammaliza kijana wa watu. Akamwongezea flashi. "Kila unachochora, weka nakala humu. Mashine hufa bila kuaga."

Wakapendana waziwazi. Msichana alimwita Fundi, naye akamwita Tofali. Simu zao hazikuwa na maana yoyote kwa mtu mwingine.

"Tofali wangu, umekula?"

"Nimekula. Hamu yako tu ndiyo haijaisha."

Mwaka wa mwisho, feni ya ile mashine ikaanza kunguruma. Tofali akamwachia Fundi aitengeneze, akaenda kumwona mama yake, ambaye tayari alikuwa ameshona nguo ya mahafali. Fundi akaifungua, akamhurumia mpenzi wake. Akamtafutia mpya, yenye nguvu maradufu. Ile ya zamani akaifuta yote, kama walivyofuta kila mashine iliyorudi dukani, akamuuzia mwanafunzi mwingine. Alitaka kumshangaza, na kweli alimshangaza.

"Fundi, mchoro wangu wa kuhitimu uko wapi?" Tofali alimpigia siku aliyorudi na kuiwasha ile mpya.

"Si una nakala kwenye flashi?"



"Ile flashi nilikurudishia wewe, zawadi ya siku yako ya kuzaliwa. Nilifuta michoro nikaweka picha zetu."

Flashi ilikuwa inaning'inia kwenye funguo za Fundi. Alimkimbilia mnunuzi, akahangaika na ile mashine. Haukurudi hata mstari mmoja. Chuo nacho hakikumwongezea Tofali siku, kikamwambia arudie mwaka.

Alikuja dukani na ile kompyuta mpya, akaiweka mezani taratibu.

"Nisamehe, Tofali."

"Nilishakusamehe. Na nakupenda, ndiyo maana inauma. Nikikutazama naliona lile jengo langu, chumba kwa chumba, nashindwa kupumua. Mama ameikunja ile nguo, ameiweka kabatini. Hata hakuniuliza kitu."

Fundi akaitoa flashi kwenye funguo. "Basi chukua hii."

"Baki nayo. Mimi nikizitazama hizo picha sitaondoka."

Akaondoka bila kugeuka. Mwanafunzi mmoja, mgeni kabisa wa chuo, akasogea mezani.

"Kaka, nisaidie. Nichukue ipi?"

Fundi akamtazama, akashindwa kumuuliza anasoma nini.