Nilikuuliza, Wewe Ukanisalimia

Fundi makochi alikuwa amebana misumari minne midogo midomoni simu yake ilipolia. Mkono wa kushoto ulikuwa unavuta kitambaa kwenye fremu ya kochi. Mkono wa kulia ulikuwa na nyundo. Mkono wa tatu hakuwa nao.

"Mke wangu! Nipokelee," alisema bila kufungua meno.

Mkewe alitoka ndani huku akifuta mikono. Alibonyeza simu, akamwekea mumewe sikioni. Fundi aliweka nyundo chini, akatema misumari kiganjani.

"Hujambo, fundi?" Ilikuwa sauti ya muuguzi wa utafiti, kutoka hospitali.

"Sijambo, binti yangu."

"Habari za tumbo?"

"Nzuri."

"Ngozi? Kifua?"

"Nzuri tu. Salama kabisa."

"Haya. Tuonane Alhamisi."

Mkewe alikata simu, akamtazama. Ilikuwa bado saa nne asubuhi, na mumewe alikwisha kwenda chooni mara tano.

"Nzuri ya wapi hiyo?" aliuliza. "Unakimbia chooni tangu kumekucha, halafu unamwambia nesi nzuri?"

"Mtu akikusalimia, unamjibu vizuri. Ndiyo adabu."

"Adabu ya tumbo?"

"Niache nipige misumari, mama watoto."

Alirudisha misumari midomoni. Mtu mwenye misumari midomoni hawezi kuulizwa swali, na fundi aliijua faida hiyo. Lakini hakupiga hata mmoja. Aliiweka tena chini, akainuka haraka kuelekea chooni.

Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa na hofu. Mwaka uliopita madaktari walimkuta na saratani ya figo. Walipompima zaidi, wakaona imeshafika kwenye mapafu. Daktari akamweleza kwamba kuna utafiti wa tiba ya kinga kwa saratani za aina mbalimbali. Ni dawa mbili zinazotolewa pamoja kwa njia ya mshipa. Dawa hizo zenyewe hazishambulii saratani. Zinaamsha kinga ya mwili, yaani askari wa mwili, ili wao waishambulie. Watafiti walitaka kujua kama kuzitumia mbili kwa pamoja ni bora kuliko kutumia moja, na kama watu watazivumilia.

Walimsomea karatasi ndefu siku mbili. Walimwambia anaweza kukataa, na hata akikubali anaweza kutoka siku yoyote, na bado atatibiwa. Kompyuta ndiyo iliyopanga nani aingie kundi gani. Fundi aliingia kundi la dawa mbili. Baada ya miezi mitatu, picha ilionyesha uvimbe umepungua karibu nusu. Siku hiyo aliimba njia nzima mpaka mkewe akamwomba anyamaze kidogo.

Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu: kutolewa kwenye utafiti. Ndiyo maana kila akiulizwa alijibu nzuri.

Na jibu hilo hakubaki nalo peke yake.

Kila Alhamisi wagonjwa wa utafiti walikaa kwenye viti virefu nje ya chumba cha dawa. Hapo walipeana habari. Huyu alisema amewashwa mgongo mpaka akajikuna kwa rula. Yule alisema amechoka mpaka anashindwa kumaliza chai. Walicheka, walipeana moyo. Fundi alikuwa mzoefu kati yao, na maneno hayakumpiga chenga. Aliyependa kumsikiliza zaidi ni mama mmoja mwembamba aliyechapa barua na kutoa kopi kwenye duka dogo. Wenzake walimwita Bi Chapa. Saratani yake ilianzia kwenye ngozi ya wayo.

Siku yake ya pili Bi Chapa alimwuliza fundi, "Kaka, hawa wakipiga simu nawaambiaje? Mimi naona aibu kuzungumza habari za choo."

Fundi alisogea karibu. "Usijisumbue, dada. Wakikuuliza habari, sema nzuri. Ukianza kulalamika, watakutoa, wamweke mwingine."

"Kweli?"

"Mimi nina miezi minne hapa. Umeona wamenitoa?"

Bi Chapa alicheka, akasema, "Basi nitakuwa mzuri kuliko wewe."

Hayo yalisemwa wiki sita kabla ya ile simu.

Alhamisi ilipofika, fundi alikwenda kliniki na mkewe. Alikaa mahali pake pa kawaida. Kiti cha Bi Chapa kilikuwa kitupu. Aliuliza, lakini muuguzi alimjibu kwa upole kwamba habari za mgonjwa ni za mgonjwa mwenyewe.

Alipokuwa anatoka chooni kwa mara ya pili, alikutana ukumbini na mama mmoja aliyebeba chupa ya chai na khanga iliyokunjwa. Uso wake ulikuwa wa Bi Chapa, ila mnene zaidi.

"Samahani, mama," fundi alisema. "Wewe ni ndugu yake yule anayechapa barua?"

"Ni mdogo wangu. Wewe unamfahamu?"

"Tunakaa pamoja hapa Alhamisi. Anaendeleaje?"

Yule dada aliweka chupa kwenye kizingiti cha dirisha. Alionekana kama mtu aliyetafuta wa kumwambia tangu asubuhi.

"Ameharisha siku kumi na mbili, baba. Kumi na mbili! Mpaka damu. Ananunua vidonge dukani vya kufunga tumbo, ananificha. Jumatatu nikamkuta kaanguka bafuni. Utumbo umetoboka. Wamempasua usiku uleule."

Fundi alishika ukuta.

"Nikamwuliza, mdogo wangu, simu walikuwa wanakupigia, kwa nini hukusema? Ananiambia kuna fundi mmoja alimwambia asiseme." Dada mtu alitikisa kichwa. "Nikimwona huyo fundi, sijui nitamwambia nini."

Fundi alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa na makovu ya nyundo na gundi iliyokauka. Akaitia mikono mfukoni. Alitaka kusema, "Ni mimi."

"Pole sana, mama," alisema. Ni hilo tu alilosema. Dada mtu alimshukuru, akachukua chupa yake, akaenda zake. Shukrani ile ilimuumiza kuliko tusi.

Alirudi moja kwa moja mpaka kwa muuguzi, hakusubiri kuitwa. Alifunga mlango.

"Binti yangu, nimekuwa nikikudanganya," alisema. "Leo ni siku ya sita tumbo linaniendesha. Jana nimekwenda mara saba."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Kuna damu? Homa? Tumbo linauma?"

"Damu hakuna. Linakata kidogo."

Muuguzi alimwita daktari. Walimpima, wakamtoa damu, wakamlaza kitandani huku maji yakiingia mshipani. Dawa za utafiti hazikutolewa siku hiyo. Alipewa vidonge vya kutuliza kinga. Mkewe alikaa pembeni ya kitanda.

"Sasa nieleze," fundi alimwambia muuguzi. "Nimeharibu nini?"

Muuguzi alivuta kiti. "Kinga ya mwili ina breki, fundi. Breki hizo zinawazuia askari wasipige raia. Saratani inajificha nyuma ya breki hizo. Dawa zetu zinazilegeza. Askari wanatoka, wanaipiga saratani. Ila mara nyingine wanapitiliza. Wanapiga utumbo, unaharisha. Wanapiga ngozi, unapata vipele. Wanapiga mapafu, unakohoa na kukosa pumzi. Wanaweza kupiga ini, au tezi, ukachoka usivyoelewa. Dawa zikiwa mbili, hayo hutokea zaidi kuliko ikiwa moja."

"Na mkijua mapema?"

"Tukijua mapema, mara nyingi tunasimamisha dawa kwa muda na kuwatuliza askari. Wengi wanapona vizuri. Tukichelewa, ni hatari."

"Na kile kidonge cha dukani cha kufunga tumbo?" mkewe aliuliza.

"Kinaweza kuficha ugonjwa wakati ndani unaendelea. Usimpe bila kutuuliza."

Fundi alifumba macho. "Mimi niliogopa mtanitoa."

"Hatumtoi mtu kwa sababu amesema ukweli. Kuna wakati daktari husimamisha dawa kabisa ili kuokoa maisha, sitakuficha. Lakini hata hapo matibabu mengine yanaendelea. Na utafiti wenyewe unahitaji ukweli. Nyote mkisema nzuri, tutaandika kwamba dawa haina madhara, na kesho atapewa mtu mwingine bila tahadhari."

"Lakini ulikuwa unauliza kila wiki," mkewe alisema. "Mimi nilikuwa nasikia."

Muuguzi alimgeukia fundi. "Ndiyo. Nilikuuliza, fundi, wewe ukanisalimia. Na mimi nina kosa langu. Nilikuuliza kwa maneno ya salamu. Hujambo, habari za tumbo. Nani amewahi kujibu salamu kwa kusema nina jambo?"

Mke wa fundi alicheka bila kutaka. Fundi hakucheka. Alikuwa anamfikiria Bi Chapa, anavyoona aibu kuzungumza habari za choo, na yeye alivyompa neno zuri la kufichia.

Baada ya wiki mbili tumbo lake lilitulia. Vidonge alivipunguza kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, na hakutolewa kwenye utafiti. Siku ile ile aliyopata nafuu alikwenda wodini. Bi Chapa alikuwa ameketi, shuka limemfika kifuani. Chini ya shuka alikuwa na mfuko uliobandikwa tumboni, kwa sababu haja haikuweza kupita njia yake ya kawaida.

"Dada," fundi alisema akiwa bado amesimama, "nilikupa ushauri mbaya. Sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa na woga tu, nikakugawia."

Bi Chapa alimtazama. "Dawa zile wamesema sitazipata tena," alisema. "Na zilikuwa zinanisaidia. Picha ya mwisho ilikuwa nzuri. Hiyo nzuri ya kweli, siyo yako."

"Najua."

"Daktari anasema askari wakishaamka wanaweza kuendelea na kazi hata dawa zikisimama. Wanaweza pia wasiendelee. Tunangoja picha."

"Nikufanyie nini?"

"Leo sina nguvu za kukukasirikia, kaka. Njoo wiki ijayo."

Alikwenda wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku ya kwanza Bi Chapa alimkasirikia kweli, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Dada mtu alikuwapo. Fundi alimwambia, "Fundi uliyemtafuta ni mimi." Dada mtu alimnyang'anya kiti, akakaa yeye. Fundi alisimama saa nzima.

Kliniki nayo ilibadilika. Muuguzi aliacha kuuliza habari. Sasa alisema, "Una jambo gani leo? Tangu jana umekwenda chooni mara ngapi?" Alingoja namba. Kila mgonjwa alipewa kadi yenye namba ya simu ya kupiga saa yoyote. Na kwenye viti virefu, fundi alikuwa na kazi mpya.

Alhamisi moja aliingia dereva wa lori, mtu wa miraba minne, mgeni wa mwezi mmoja.

"Habari yako, dereva?" fundi alimwuliza.

"Poa, mzee. Nzuri tu."

"Hiyo ni salamu, nimeipokea. Sasa jibu. Umelala vipi? Unapumua vipi?"

Dereva alicheka. "Mzee, wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi makochi. Nilimwambia mwenzangu anyamaze, akanyamaza, utumbo ukatoboka. Kiti chake ni hicho ulichokalia."

Dereva aliacha kucheka. Alitazama kiti, akatazama viatu vyake. "Kuna kikohozi kikavu," alisema polepole. "Siku nne. Nikipanda ngazi nahema kama mbwa. Nilisema ni vumbi la barabara."

"Mwambie nesi sasa hivi. Usingoje uitwe."

Walimkuta na mapafu yaliyoanza kuvimba. Alilazwa siku tano, akapewa dawa ya kutuliza kinga, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mke wa dereva alimpigia fundi simu kumshukuru. Fundi alisema asante, kisha akarudisha simu mfukoni. Shukrani hizo alijua zilipaswa kwenda wapi.

Bi Chapa aliruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi aliwaomba wote wawili waandike ukurasa mmoja, maneno ya mgonjwa kwa mgonjwa, wa kuwapa wageni. Kamati ya utafiti ingeusoma kwanza, ndipo ugawiwe.

Basi alasiri moja walikaa mezani kwa Bi Chapa. Mashine ya kuchapa ilikuwa mbele yake, mto mgongoni. Alikwisha kuchapa dalili zote: kuharisha, vipele, kukohoa, kuhema, macho kuwa ya njano, uchovu usioeleweka. Alichapa namba ya simu kwa herufi kubwa. Kisha aliacha kuchapa.

"Hapa nimeandika, mtu mmoja aliniambia nisiseme," alisema. "Mtu gani?"

"Andika fundi makochi."

"Hapana. Hii sehemu ni yako. Andika mwenyewe, mimi nitachapa."

Fundi alichukua kalamu. Aliandika mistari mitatu, akampa. Bi Chapa alisoma, akavuta miwani chini.

"Mstari wa kwanza unajitetea. Futa. Wa pili unajitetea zaidi."

Alifuta. Aliandika tena, akafuta tena. Nje dada mtu alikuwa anaanua nguo. Mwishowe ukabaki mstari mmoja tu: *Nilimwambia anyamaze, naye akaniamini.*

Bi Chapa aliusoma mara mbili. Hakusema umekaa vizuri, wala hakusema ufutwe. Aliuchapa, herufi moja moja, kisha akajiegemeza kwenye mto. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka usoni.

"Tuache hapo. Nimechoka," alisema. "Kesho uje na mstari wa pili."

"Niandike nini?"

"Sijui, kaka. Huo ni wa kwako pia."

Fundi aliinuka, akairudisha kalamu mezani. Chini ya ule mstari karatasi ilikuwa bado nyeupe.